Hariri, uzi na utando

hariri nm [i-/zi-] (Kar.)
1. nyuzi laini za kifukofuko cha nondo. Kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi hizo.
2. (biolojia) protini inayotolewa na buibui na baadhi ya wadudu, ambayo huwa uzi inapotoka mwilini.

Lisichanganywe na kitenzi *hariri* (sahihisha maandishi).

Matumizi

Mfasiri anayewaandalia maelezo waongoza watalii wa Karatu, mji wa kupitia kwenda Ngorongoro, hana budi kutenganisha maneno matatu: *hariri* ni dutu, *uzi* ni mshipi mmoja wa dutu hiyo, *utando* ni kitu kilichofumwa. Akiandika kwamba buibui "wanaishi ndani ya hariri", msomaji ataona nguo ya kifahari, si makao.

Tofauti hii ina uzito zaidi viumbe wanapoishi kwa ushirika. Kati ya aina zaidi ya 50,000 za buibui, ni takriban 25 tu zinazoishi hivyo. Mmojawapo ni *Stegodyphus mimosarum* wa maeneo ya miti ya miiba mashariki na kusini mwa Afrika. Kundi lake hufuma kiota kimoja kizito na tando za kunasia zinazokizunguka. Hushirikiana kuwinda na kulea. Hapa kinachoshirikiwa ni *kiota* na *utando*. *Hariri* hutajwa pale tu dutu yenyewe inapozungumziwa.

Majimoto, wale sisimizi wa miembe na minazi ya pwani na Zanzibar, wanadai uangalifu mwingine. Wafanyakazi huvuta majani yakutane, kisha hushika mabuu kwa taya na kuwapitisha huku na huku kama mfumaji apitishavyo uzi. Mabuu ndio watoao hariri, waliokomaa hawaitoi.

✗ Majimoto hutoa hariri na kufuma utando.
✓ Majimoto huunganisha majani ya kiota chao kwa hariri ya mabuu wao.

Tanbihi

*Utando* una maana nyingine pia (utando wa yai, wa jicho). Kwa hiyo andika *utando wa buibui* au *tandabui* inapotajwa mara ya kwanza.

*Buibui* mnyama hufuata a-/wa- (buibui huyu, hawa). *Buibui* vazi hufuata li-/ya- (buibui hili, mabuibui haya).

Katika mazungumzo buibui huitwa *mdudu*. Katika biolojia mdudu ana miguu sita na buibui minane, hivyo andika *wadudu na buibui*.

Taz. pia: fuma, kifukofuko, kiota, tanda