Platini: Machimbo Yake na Majina Yake

Katika makala haya tunakusudia kueleza mahali platini inapochimbwa duniani, na jinsi kila mahali palivyoacha alama yake katika istilahi za madini haya. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jarida la istilahi lishughulike na machimbo. Jibu letu ni kwamba mfasiri anayepewa mkataba, taarifa ya biashara au kitabu cha jiografia kuhusu platini hukutana na majina ambayo, yakifasiriwa neno kwa neno, hupotosha. Katika shule upotofu huo humpa mwanafunzi elimu ya uongo. Katika ofisi unaweza kuipotezea serikali mali.

Tuanze na jina lenyewe. Katika karne ya 18, watumwa wa asili ya Afrika walikuwa wakichekecha mchanga wa mito ya Chocó, magharibi ya nchi ambayo leo ni Kolombia, wakiwatafutia mabwana zao wa Kihispania dhahabu. Katika bakuli zao za mbao zilibaki pamoja na dhahabu punje nyeupe, nzito na ngumu. Wahispania waliziita «platina del Pinto», yaani fedha ndogo ya mto Pinto. Lilikuwa jina la dharau. Baharia na mwanachuoni Antonio de Ulloa, aliyelitaja jiwe hilo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1748, alieleza kuwa liliwatatiza wachimbaji wa dhahabu.

Dharau hiyo ilikuwa na sababu. Platini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,768 za Selsiasi, ilhali dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Tanuri za siku zile hazikuiweza. Tena ni nzito kuliko dhahabu, kwa hiyo mlaghai aliyeichanganya na dhahabu hakuumbuliwa na mizani. Kwa kuhofia hila hiyo, watawala wa Kihispania waliamuru punje hizo zitupwe mitoni. Na bado, karne nyingi kabla ya Wahispania kufika, mafundi wa pwani ya Esmeraldas, katika nchi ambayo leo ni Ekuador, walikwisha jua kuziunganisha punje za platini kwa vumbi la dhahabu lililoyeyushwa, wakafua mapambo. Ujuzi wao haukuingia katika jina. Jina lilitolewa na mtu aliyeshindwa na kitu, wala si na fundi aliyekimudu.

Hapa mfasiri wa Kiswahili anapata fundisho la kwanza. Katika Kihispania cha Amerika neno la fedha lina maana ya madini na ya pesa pia, kama lilivyo neno letu. Lakini tukisema «kifedha» hakuna atakayefikiria madini. Atafikiria hesabu na bajeti. Jina hili basi halifai kufasiriwa, bali litoholewe. Tunakutana na maumbo mawili, platini na platinamu. Sisi twapendelea platini, kwa kuwa ni fupi na linalingana na alumini, neno ambalo limekwisha kubalika. Kuhusu «dhahabu nyeupe», ambayo wengine huitumia kwa maana ya platini, twashauri iachwe. Masonara huliita hivyo mchanganyiko wa dhahabu na nikeli au paladi, na wakulima nao hulitumia jina hilohilo kuisifu pamba.

Kutoka Amerika ya Kusini twende Urusi. Mwaka 1819 platini ilionekana katika mchanga wa dhahabu wa milima ya Ural, na katika miaka ya 1820 Urusi ikawa mchimbaji mkuu duniani. Wingi wake ulikuwa mkubwa hata kuanzia mwaka 1828 serikali ilipiga sarafu za platini za rubo 3, na baadaye za rubo 6 na 12, mpaka zoezi hilo lilipokomeshwa mwaka 1845. Urusi iliendelea kuongoza hadi Vita Kuu ya Kwanza na mapinduzi ya 1917 yalipoiangusha kazi hiyo.

Wakemia nao walitambua kwamba platini haikai peke yake. Mjini London, William Wollaston alitenga paladi na rodi, na mwenzake Smithson Tennant akatenga iridi na osmi, kutoka katika platini ya Amerika ya Kusini. Paladi ilipewa jina la sayari ndogo Pallas. Rodi, la rangi ya waridi. Iridi, la upinde wa mvua. Osmi, la harufu. Wa sita, rutheni, alitambuliwa mwaka 1844 na Karl Klaus mjini Kazan kutoka katika platini ya Ural, akapewa jina la Kilatini la nchi ya Urusi. Hawa sita ndio jamii ya platini.

Kutofautisha platini na jamii yake si jambo dogo. Taarifa nyingi za migodi hutoa jumla moja ya platini, paladi, rodi na hata dhahabu. Mfasiri akiandika kwamba mgodi umetoa tani kadhaa za «platini», wakati asilia ilitaja jamii nzima, ameandika uongo bila kukusudia. Kosa hilo ni kubwa zaidi kwa machimbo ya Norilsk, kaskazini ya Siberia, ambako paladi huipita platini kwa mbali, na kwa Stillwater katika jimbo la Montana, Marekani, mgodi ulioanza katika miaka ya 1980, ambao nao una paladi zaidi. Huko Norilsk, na kadhalika huko Sudbury nchini Kanada, kinachochimbwa hasa ni nikeli na shaba. Platini hupatikana wakati wa kuzichenjua. Haifai basi kuyaita machimbo hayo «migodi ya platini» bila maelezo.

Machimbo makuu ya leo yamo kusini mwa bara letu. Mwaka 1924 mkulima Andries Lombaard aliokota punje za platini katika shamba la Maandagshoek, mashariki ya Transvaal ya wakati ule. Mjiolojia Hans Merensky alizifuata mpaka akapata mwamba zilimotoka. Mwamba huo ni sehemu ya umbo kubwa la miamba liitwalo Bushveld, lenye umri wa miaka ipatayo bilioni 2. Afrika Kusini hutoa takriban asilimia 70 ya platini inayochimbwa duniani.

Wachimbaji wa huko huuita mwamba huo wa Merensky kwa neno ambalo mabaharia hulitumia kwa mwamba unaopasua vyombo baharini. Mwalimu wa jiografia akifasiri kwa kufuata kamusi tu, atawaambia wanafunzi kuwa Transvaal kuna matumbawe. Kitu chenyewe ni tabaka jembamba la mwamba, kwa kawaida halizidi mita moja, linaloteremka ardhini kwa mamia ya kilomita za upana. Twapendekeza «tabaka la Merensky». Huenda wengine wakasema kuwa neno tabaka limekwisha chukuliwa na wataalamu wa siasa. Pingamizi hilo si zito, kwani muktadha hutosha kutenganisha: hakuna atakayechanganya tabaka la mwamba na tabaka la wafanyakazi, hata anaposoma habari za Marikana, katika ukanda huohuo, ambako polisi waliwaua wachimbaji 34 waliokuwa katika mgomo tarehe 16 Agosti 2012.

Zimbabwe nayo ina ukanda wa miamba wenye urefu wa kilomita zipatazo 550, na katika ukanda huo imo migodi ya Ngezi, Unki na Mimosa. Jina lake la Kiingereza lina neno ambalo kwa mtu wa kawaida ni ukuta wa kuzuia maji, na kwa mjiolojia ni mwamba uliopenya wima katika ufa. Ukanda huu si ukuta wa maji, na wajiolojia wenyewe wamekiri kuwa si mwamba wa namna hiyo ya pili pia. Ni matabaka yaliyolaliana. Jina la kimakosa halina sababu ya kuhamishiwa kwetu pamoja na kosa lake. «Ukanda Mkuu wa Zimbabwe» litatosha.

Limebaki neno moja la vipimo. Platini huuzwa kwa wakia, lakini wakia ya masonara ina gramu 31.1, na wakia ya kawaida ya Kiingereza ina gramu 28.35. Katika shehena ya wakia 1,000, tofauti ni zaidi ya kilo 2 na nusu. Tusisahau kwamba tani moja ya mwamba hutoa gramu chache tu, na kwamba dunia nzima huchimba platini isiyofika tani 200 kwa mwaka. Karani aandike «wakia ya masonara» kila mara, au aandike gramu.

Watu wa Chocó walitupa mitoni mali ambayo leo husafisha moshi wa magari na kusaidia kutengeneza asidi ya mbolea, kwa sababu waliotawala waliridhika na jina kabla ya kukijua kitu. Mfasiri anayeunda istilahi bila kuuliza kitu chenyewe ni nini, kinakaa wapi na kinapimwaje, yumo katika njia hiyohiyo. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali waliokutana na istilahi nyingine za migodi watuletee, pamoja na maelezo ya kitu kila istilahi inachokitaja.