Gary Gait: alifundisha akiwa bado anacheza

Leo tunaacha kidogo mpira wa miguu, tuongelee lakrosi. Wengi wetu hatujawahi kuuona mchezo huu. Kila mchezaji anashika fimbo yenye wavu kichwani, anadaka na kurusha mpira mdogo wa raba. Walioanza kuucheza ni wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, wakiwemo Wahaudenosaunee, watu walionyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi yao. Hata Uganda wanaucheza. Mwaka 2014 walikuwa wa kwanza toka Afrika kwenda Kombe la Dunia.

Gait alizaliwa Kanada 1967, pacha wake anaitwa Paul. Wote wawili walisoma Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, wakachukua ubingwa wa vyuo 1988 na 1989. Mwaka 1988 Gary alitokea nyuma ya goli, akaruka, akaushindilia mpira ndani kutoka juu. Watu wakabaki mdomo wazi. Baadaye sheria zikaukataza mtindo ule.

Mwaka 1991 akaingia ligi ya kulipwa, ile ya kucheza ndani ya ukumbi. Akawa mchezaji bora mara 6, tena 5 mfululizo, 1995 hadi 1999. Sasa angalieni hapa: miaka hiyohiyo alikuwa kocha msaidizi wa wasichana wa Chuo Kikuu cha Maryland, waliobeba ubingwa mara 7 mfululizo, 1995 hadi 2001. Hakungoja magoti yachoke ndipo afundishe.

Mwaka 2007 akarudi Syracuse kuwa kocha mkuu wa wasichana. Akawafikisha fainali 2012, 2014 na 2021, zote wakafungwa. Hakuwakimbia. Mwaka huohuo wa 2021 akapewa timu ya wanaume.

Kwa nini tunayaandika haya? Timu ya dada zetu hapa kambini inafanya mazoezi bila kocha tangu yule wa mwanzo apate safari. Kaka wanaoujua mpira wapo, tunawaona wamekaa pembeni ya uwanja. Wengine wanasema kufundisha wasichana ni kujishusha. Mchezaji bora mara 6 hakuona hivyo, sisi tuna kombe gani la kuringia?

Mazoezi ni Jumamosi, saa kumi jioni, uwanja uleule. Nani anakuja na filimbi?