Tumbo moja, si kabila moja

Bandarini Kalundu, hapa Uvira, mikeke ni mikeke na sangala ni sangala. Mvuvi anayewafuata mikeke usiku kwa taa, wakiwinda ndagala katikati ya Ziwa Tanganyika, ana sababu ya kuwatenga: mtego wao si mmoja, bei yao si moja. Hata George Boulenger, alipompa mikeke jina la kisayansi mwaka 1914, alimtengea jenasi yake, Luciolates. Mwaka 1976 Humphry Greenwood akamwingiza katika Lates, jenasi ya sangala. Sokoni hakuna kilichobadilika, na hakukuwa na haja. Jina la mvuvi linaeleza samaki anavyoishi. La mwanabiolojia linaeleza amezaliwa na nani.

Kwa swali hilo la pili Kiswahili kina himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Pengo liko kati ya familia na jenasi, kwenye ngazi ambayo Kilatini huiita tribus. Na ziwa letu ndilo linaloihitaji sana, kwa kuwa sikilidi wake, jamaa ya kuhe na ngege, ni wengi mno: mwaka 1986 Mbelgiji Max Poll aliwapanga katika tribus 12.

Wengi watakimbilia "kabila". Mimi nalikataa. Hapa Uvira watu wamehama makwao kwa ajili ya neno hilo. Samaki hawastahili kubebeshwa mzigo wake. Tena halifai hata kwa maana. Kabila tunalitambua kwa lugha, mila na ardhi, mambo ambayo mtu huweza kuyapokea ukubwani. Tribus haiangalii mwenendo.

Mtazame Perissodus microlepis, ambaye mtafiti Michio Hori alimchunguza Luhanga, kusini kidogo ya mji. Huyu hula magamba ya samaki wengine. Huwajia kwa nyuma. Mwenye mdomo uliopinda kulia hung'ata ubavu wa kushoto, na mwenye kupinda kushoto hung'ata wa kulia. Wa upande mmoja wakizidi, windo hujifunza kulinda ubavu ule, na wale wa upande wa pili hunufaika. Sasa mweke kando yake Haplotaxodon, ambaye hali magamba kabisa, bali viumbe vidogo vya majini na samaki wadogo. DNA inawaweka pamoja, katika tribus ya Perissodini.

Nilifikiria "ukoo", lakini kwetu ukoo huzidi familia, na tribus imo ndani ya familia. Napendekeza "tumbo". Watu wa tumbo moja hawalazimiki kufanana sura wala kazi. Mmoja ni mvuvi, mwingine fundi cherehani, na hakuna anayehoji undugu wao. Tuandike basi tumbo la Perissodini, tumbo la Lamprologini, ambao baadhi yao hutaga ndani ya makombe matupu ya konokono.