Jeti ya Kwanza Haikuanzia Nairobi

Nilikulia Nakuru nikiamini kwamba jeti ya kwanza ya abiria Afrika Mashariki ilianzia Nairobi. Ingeanzia wapi kwingine? Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba jibu linategemea umeuliza nini.

Ndege ya Waingereza, de Havilland Comet, ilifika kweli uwanja wa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1950, lakini ilikuja kujaribiwa. Eastleigh iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Nakuru yetu iko juu zaidi. Huku hewa ni nyepesi: injini hupungukiwa nguvu, bawa nalo hukosa hewa ya kulibeba, na ndege hukimbia mbali kabla ya kuruka.

Abiria wa kulipa nauli walingoja hadi Mei 2, 1952, Comet yenye namba G-ALYP ilipoondoka London kwenda Johannesburg kupitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Nairobi haimo. Msafiri wa Nakuru aliyeitaka jeti ilimbidi aipe Nairobi kisogo: apande garimoshi kwenye stesheni yetu, lipande naye hadi Timboroa, ateremke Kampala, kisha ashike barabara ya Entebbe. Nairobi ilipata jeti za nyumbani mwaka 1960, East African Airways ilipoleta Comet 4.

Ulimwenguni nako wanabishania ukwanza. Comet iliruka mara ya kwanza Julai 27, 1949. Avro Jetliner ya Kanada ikafuata siku 14 tu baadaye. Kabla yao, Aprili 1948, Vickers Viking iliyofungwa injini za jeti ilikuwa imekwisha kuruka, ila kwa majaribio. Warusi wana haki ya kujivunia Tu-104: ilianza kazi Septemba 1956, Comet za mwanzo zikiwa zimeondolewa kazini.

Ziliondolewa kwa msiba. Januari 10, 1954, G-ALYP ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu wote 35. Tangu hapo husemwa kwamba iliponzwa na madirisha ya mraba. Dai hilo lina chanzo: Comet nyingine, iliyozamishwa ndani ya tangi la maji huko Farnborough na kubanwa kwa shinikizo mara nyingi, ilipasuka kwenye kona ya dirisha. Lakini madirisha ya abiria yalikuwa na kona za mviringo, na ufa wa G-ALYP wachunguzi waliufuata hadi juu ya paa, kwenye uwazi wa antena, pembeni mwa tundu dogo la bolti. Naona si haki kuwaachia marehemu hadithi nyepesi wakati ushahidi uliopolewa baharini upo.

Kipande cha bati cha paa hilo kimehifadhiwa London, katika jumba la Science Museum. Ni paa lile lile lililotua Entebbe Mei 3, 1952, likiwa zima.