Fundi ama Mwandishi?

Mwaka jana niliitwa kwa mahojiano ya kazi katika ofisi moja kule Upper Hill. Mama mmoja kwenye jopo aligeuza CV yangu mara mbili, kama mtu anayetafuta bei ya kitu dukani.

Simlaumu. Miaka mitatu nilihudumu kwenye saiba Ruiru, nikichapia watu barua na kuwajazia fomu. Mwaka mmoja na nusu nilirekebisha laptopu na printa katika kichumba kimoja mjini. Kisha nikakaa kwenye dawati la simu, nikiwaambia wateja wazime mashine halafu wawashe tena. Hapo katikati nikajifunza HTML, Linux, SQL na Python kidogo, ya kujitetea. Sasa ni miaka sita naandika miongozo ya programu.

“Kwani wewe ni fundi ama ni mwandishi?” akauliza.

Nilijibu kitu cha ovyo kuhusu kufanya kazi na wenzangu. Jibu la kweli lilinijia nikiwa tayari kwenye matatu. Ni refu kidogo, na linaanzia mbali.

Mwaka wa 1842, mhandisi Mwitaliano Luigi Menabrea alichapisha makala kwa Kifaransa kuhusu mashine ya kukokotoa iliyobuniwa na Charles Babbage wa Uingereza. Ada Lovelace akaitafsiri kwa Kiingereza. Angeishia hapo, hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliongeza maelezo yake mwenyewe, kutoka A hadi G, na yakawa karibu mara tatu ya urefu wa makala yenyewe. Katika maelezo ya G alionyesha, hatua kwa hatua, jinsi mashine hiyo ingekokotoa namba za Bernoulli. Wengi humwita mwanaprogramu wa kwanza. Mimi humwona kwanza kama mwenzangu wa kazi. Alitaka kueleza mashine, akajikuta lazima aiendeshe kichwani, maana mashine yenyewe haikuwahi kukamilika. Yalipochapishwa 1843, aliweka herufi tatu tu: A.A.L.

Ruka hadi 1949, Marekani. Kampuni ya Eckert na Mauchly imeunda kompyuta iitwayo BINAC. Walioiunda wanaijua. Atakayeitumia haijui. Joseph Chapline ndiye aliyeandika mwongozo wake, na mara nyingi hutajwa kuwa mwongozo wa kwanza wa mtumiaji wa kompyuta. Chapline hakuwa mtu wa kitu kimoja. Aliwahi kufanya kazi Chuo Kikuu cha Pennsylvania, palepale Mauchly alipokuwa, na pia alikuwa mpiga kinanda kanisani. Nashangaa jopo lingeisoma vipi CV yake.

Tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs walitoa mwongozo wa kwanza wa Unix. Hao ndio waliotengeneza mfumo wenyewe, kwa hivyo fundi na mwandishi walikuwa mtu yuleyule. Kinachonipendeza ni kwamba kurasa zao zilikuwa na sehemu ya kasoro. Unasoma amri inafanya nini, halafu chini unaambiwa waziwazi pale inapokwama.

Huku kwetu Afrika Mashariki, mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Watu hudhani kazi kama hiyo inataka kamusi tu. Jaribu uone. “Hifadhi” na “okoa” yanaweza kuonekana sawa kwenye karatasi, mpaka ujue kitufe chenyewe kinafanya nini ukikibonyeza.

Hilo nililijua kwa njia mbaya. Mwaka wangu wa kwanza wa kuandika miongozo, nilipewa kazi ya kueleza jinsi ya kuweka toleo jipya la programu ya rekodi kwenye kituo kimoja cha afya. Niliandika nikiwa Nairobi, kutoka kwa maelezo niliyotumiwa kwa barua pepe. Sikuijaribu. Hatua ya sita ilisema: futa data ya zamani. Hatua ya saba: weka nakala ya data.

Soma tena mpangilio huo.

Karani wa kule, mama wa makamo, alinipigia simu jioni. Hakupaza sauti. “Kijana wangu, nimefanya vile uliandika.”

Wiki tatu za rekodi za chanjo za watoto zilikuwa zimepotea, na wakubwa wake walikuwa wanamuuliza yeye. Bahati yetu ni kwamba hakuwa ameiamini kompyuta kabisa. Kila kitu alikuwa amekiandika pia kwenye daftari. Nilipanda basi la usiku, nikaenda kueleza wakubwa kwamba kosa ni langu, kisha tukakaa siku nne, yeye akisoma majina, mimi nikichapa. Mtoto mmoja baada ya mwingine. Siku ya pili akaniuliza kama niliwahi kufanya hizo hatua mwenyewe. Nikasema hapana. Hakuongeza neno, akaendelea kusoma.

Yule mama wa jopo aliona CV ya mtu asiyetulia. Lakini saiba ilinifundisha jinsi mtu anavyoogopa kubonyeza, na dawati la simu likanifundisha maneno anayotumia akiwa amekwama. SQL nilijifunza baada ya zile siku nne, ndiyo nisiwahi tena kuandika “futa” bila kujua kinachofutwa.

Kazi ile sikuipata. Ninayofanya sasa, kila mwongozo naujaribu kwanza kwenye mashine mbovu kuliko zote ninazoweza kuazima. Na mwisho wa kila mmoja, kama wale wa 1971, naacha ukurasa wenye kichwa “Pale mambo huharibika.” Jina langu halimo popote. Namba ya simu ya kupiga ukikwama imo, na mara nyingi anayeipokea ni mimi.