Ngome ya Pamba katika Mji wa Roubaix

Mgeni afikapo katikati ya mji wa Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa, huona lango kubwa la matofali mekundu, lenye minara ya menomeno mfano wa ngome ya wafalme wa kale. Lakini hapana mfalme aliyekaa humo, wala askari hawakupigana hapo. Palikuwa kinu cha kusokotea pamba, mali ya ukoo wa Motte-Bossut.

Mwaka 1801 watu wa Roubaix walikuwa kama 8,000 tu. Mashine za mvuke zilipokuja, watu walimiminika kutafuta kazi, wengi wao kutoka Ubelgiji iliyo karibu, hata mwaka 1896 wakazi walizidi 120,000. Mwaka 1843 Louis Motte-Bossut alijenga kinu kikubwa mno, hata watu wakakiita dubwana. Mwaka 1866 dubwana hilo liliteketea kwa moto. Ng'ambo ya mfereji kingine kilikuwa kimekwisha kujengwa, nacho ndicho kilichosalia. Nguzo zake ni za chuma na dari zake za matofali, kwa kuwa pamba huwaka upesi, na sakafu za mbao ziliangamiza vinu vingi.

Mwaka 1978 jengo hili liliandikwa katika daftari la majengo yaliyolindwa kwa sheria ya mwaka 1913. Jengo likiisha kuandikwa hivyo, mwenyewe hawezi kulibomoa wala kuligeuza kwa siri. Sharti awaarifu wakuu kwanza. Mashine zilinyamaza mwaka 1981, lakini kuta hazikuanguka. Tangu mwaka 1993 humo zimewekwa kumbukumbu za taifa zihusuzo kazi: hati za makampuni na za vyama vya wafanyakazi.

Basi, msomaji atauliza: na wafanyakazi wenyewe walilala wapi? Walilala katika vijumba vilivyopangwa safu mbili, vikitazamana juu ya ua mwembamba, nyuma ya nyumba za barabarani. Njia ya kuingilia ilikuwa moja, na maji na choo vilikuwa vya shirika. Nyua za namna hii zilikuwa nyingi sana. Katika karne ya 20 nyingi zilibomolewa, kwa maana hazikufaa afya ya watu. Wala hatuwezi kulaumu, kwani nani apendaye mwanawe augue ili wageni wapate kutazama ukale?

Hata hivyo hapa pana jambo la kufikiri. Wahenga walisema, Chanda chema huvikwa pete. Lango la tajiri limevikwa pete, na lastahili, kwa uzuri wake. Lakini walisema pia, Kidole kimoja hakivunji chawa. Pasipo watu wa nyua zile, hata uzi mmoja usingalisokotwa. Kwa hiyo ni vema kwamba ndani ya ngome ya tajiri sasa zinakaa karatasi za vyama vya wafanyakazi pamoja na daftari za mabwana wao. Atakaye kuijua Roubaix asiishie langoni. Na aingie, asome zote mbili.