Nyumba na Chumba cha Flüeli

Katika kitongoji cha Flüeli, nchini Uswisi, ingali imesimama nyumba ya mbao ambamo mkulima Niklaus von Flüe na mkewe Dorothea walilea watoto kumi. Mwaka 1467 Niklaus aliiacha kwa ridhaa ya mkewe, kitindamimba akiwa bado mchanga. Mwaka uliofuata, wenyeji wa Obwalden walimjengea chumba kidogo bondeni Ranft, kando ya kikanisa: dirisha moja laelekea altare, lingine lilikuwa la wageni waliotafuta shauri. Shauri lake la mwaka 1481 liliiepusha mikoa ya Uswisi na vita. Kutoka nyumba hadi chumba ni mwendo mfupi wa miguu. Mahujaji husifu chumba. Mimi huiwaza zaidi nyumba, alimobaki Dorothea. Niklaus alitangazwa mtakatifu mwaka 1947; Dorothea hajatangazwa.